Nyaya Mbili Ukutani: Kompyuta za Nyumbani na Vifaa Vilivyoendeshwa kwa Mbali

Nyumba ya kawaida ya Marekani au Uingereza mwaka 1980 ilikuwa tayari na mitandao miwili ndani ya kuta zake. Nyaya za umeme zilifika kila chumba, na waya wa simu uliiunganisha nyumba na mji mzima na nchi za mbali. Kompyuta ndogo za nyumbani zilipoingia sokoni, wapenzi wa elektroniki waligundua kwamba ili kuwasha taa, kuzima hita au kuendesha feni bila kuwa karibu nayo, hapakuwa na haja ya kutoboa kuta na kutandaza waya wa tatu. Ilitosha kuiweka kompyuta pale nyaya hizo mbili zilipokutana, na kuifundisha kusema lugha ya kila moja.

Wazo lenyewe lilitangulia kompyuta hizo. Mwaka 1966 Jim Sutherland, mhandisi wa kampuni ya Westinghouse mjini Pittsburgh, aliwasha nyumbani kwake mashine aliyoiita ECHO IV, aliyoiunda kwa vipuri vya kompyuta za viwandani vilivyobaki kazini. Ilikaa chini ya nyumba, katika makabati yenye uzito wa kilo 360 hivi. Iliweka hesabu za familia, iliendesha saa za vyumbani, ilishika halijoto ya nyumba na kudhibiti televisheni. Mashine hiyo haikuuzwa kamwe, na mtu wa kawaida asingeweza kuwa na mfano wake. Hata hivyo ilithibitisha kwamba kazi za nyumbani za kuwasha na kuzima kwa wakati wake ni kazi ambazo kompyuta inaziweza, na kwamba kilichokosekana kilikuwa bei na ukubwa tu.

Vyote viwili vilishuka mwaka 1977, zilipotoka Apple II, Commodore PET na TRS-80 ya maduka ya Radio Shack. Zikafuata VIC-20, Sinclair ZX81, BBC Micro, na mwaka 1982 Commodore 64, iliyoanza kuuzwa kwa dola 595 na kushuka hadi karibu dola 200 mwaka uliofuata. Mashine hizi zilikuwa dhaifu kwa kila kipimo cha leo. Lakini jambo moja lilizipa nguvu ambayo kompyuta nyingi za baadaye hazikuwa nayo: milango yake ya nyuma ilikuwa wazi kwa mwenye mashine. Mtu aliyeiwasha alikutana moja kwa moja na lugha ya BASIC, na kwa mstari mmoja wa BASIC aliweza kubadilisha volti kwenye waya unaotoka nje ya kasha.

Mlango rahisi kuliko yote ulikuwa ule wa kaseti. Programu zilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida za muziki, na ili kompyuta iweze kuisimamisha na kuiendesha tepurekoda yenyewe, watengenezaji waliweka ndani swichi ndogo inayofungwa na kufunguliwa kwa sumaku ya umeme, ambayo mafundi huiita rilei. Kwenye Color Computer ya Radio Shack na kwenye kompyuta za Kijapani za MSX amri ilikuwa MOTOR ON. Kwenye BBC Micro ilikuwa *MOTOR 1. Kulisikika mlio mdogo, "tik", na saketi ikafungwa. Aliyeelewa maana ya mlio huo alichomoa tepurekoda, akaweka mahali pake rilei kubwa zaidi, na kompyuta yake ikawa na swichi ya kwanza. Rilei ya ndani ilikuwa dhaifu sana kubeba taa ya mezani, na walioipa mzigo mkubwa waliikuta miguso yake imeyeyuka na kushikana, saketi isifunguke tena.

Mlango mpana zaidi ulikuwa ule ambao Commodore na Acorn, kampuni iliyotengeneza BBC Micro, waliuita mlango wa mtumiaji. Kwenye Commodore 64 ulikuwa na nyaya nane ambazo kila mmoja ungeweza kuwa wa kutoa au wa kupokea ishara. Amri ya POKE 56579,255 ilizifanya zote nane kuwa za kutoa. POKE 56577,1 ikapandisha waya wa kwanza hadi volti 5 hivi, na POKE 56577,0 ikaushusha. Namba 5 ilipandisha wa kwanza na wa tatu kwa pamoja, kwa kuwa kila waya ulikuwa na thamani yake katika hesabu ya mbilimbili. Kijana wa shule aliyejua hesabu hiyo aliweza kuendesha vifaa vinane bila kununua chochote cha ziada kwa upande wa kompyuta. BBC Micro, iliyotoka mwishoni mwa 1981 kwa ajili ya mradi wa shirika la utangazaji la Uingereza wa kufundisha umma kompyuta, ilikwenda hatua moja mbele: ilikuwa pia na mlango wa kupimia wenye njia nne, uliosomwa kwa amri ya ADVAL. Ukiunganisha hapo kijenzi ambacho ukinzani wake hubadilika kwa joto, kompyuta ilijua chumba kina joto kiasi gani, na iliweza kuamua yenyewe kuwasha hita badala ya kungoja saa ifike.

Kati ya volti 5 za kompyuta na volti 120 za Marekani au 240 za Uingereza kulikuwa na hatari ya kweli, na waandishi makini wa wakati ule waliieleza kabla ya kueleza kitu kingine chochote. Waya wa mlango wa mtumiaji hauwezi hata kuivuta rilei ya kawaida. Transista ndiyo iliyobeba mzigo huo, pamoja na diodi ya kumeza mshtuko unaotoka kwenye koili inapokatiwa umeme. Walioogopa miguso ya rilei walitumia kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga ndani ya kasha lake dogo, hivi kwamba upande wa kompyuta na upande wa umeme mkubwa hazikugusana kwa waya wowote. Kosa dogo la kulehemu lingeweza kuunguza kompyuta, na kosa kubwa zaidi lingeua mtu.

Hatari hiyo ndiyo iliyofanya uvumbuzi wa Glenrothes, Scotland, kuwa wa maana kubwa. Pico Electronics ilikuwa kampuni ya wahandisi waliobuni chipu za vikokotoo. Miradi yake ilipewa namba; wa tisa ulikuwa mashine ya kucheza santuri inayoendeshwa kwa rimoti, iliyobuniwa kwa ajili ya kampuni ya Uingereza ya BSR. Kutokana na mradi huo likaja swali: kama santuri inaweza kuchaguliwa kwa rimoti, kwa nini si taa na vifaa vyote vya nyumba? Mradi wa kumi ulianza mwaka 1975, na jina la karatasini, X10, likabaki kuwa jina la bidhaa. Mwaka 1978 vifaa hivyo vilikuwa madukani Marekani, vikiuzwa na Sears na Radio Shack.

X10 ilitumia nyaya za umeme zenyewe kupeleka amri. Umeme wa nyumbani haukai mahali pamoja. Huenda na kurudi, na kila mara unapogeuka hupita kwenye sifuri. Marekani hupita hapo mara 120 kwa sekunde, na katika nchi za Ulaya au Afrika Mashariki mara 100. Kisanduku cha X10 kilingoja sekunde hiyo ndogo ya utulivu na kuingiza mlio wa milisekunde moja wa masafa ya kilohezi 120. Mlio ukiwapo ni 1, usipokuwapo ni 0. Uzuri wa ubunifu huu ni kwamba umeme wenyewe ulikuwa saa ya wote: kila kifaa ndani ya nyumba kilijua lini kisikilize, bila kuwekewa saa yake. Kila kifaa kilichomekwa kati ya soketi na taa, na kilikuwa na vitufe viwili vya kuzungusha kwa bisibisi. Kimoja kilichagua herufi ya nyumba kutoka A hadi P, kingine namba kutoka 1 hadi 16, na hivyo kulikuwa na anwani 256. Amri zilikuwa chache: washa, zima, punguza mwanga, ongeza mwanga, washa taa zote, zima vyote. Kutuma anwani pamoja na amri, kila moja ikirudiwa mara mbili kwa usalama, kulichukua mizunguko 47 ya umeme, yaani karibu sekunde 0.8 kwa umeme wa Marekani. Mtu aliyebonyeza kitufe aliona kuchelewa huko kwa macho.

Kisanduku cha kuamrisha cha X10, kilichouzwa kwa jina la BSR, kilikuja na rimoti iliyotumia mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio. Steve Ciarcia, mhandisi aliyeandika safu ya mwezi kwa mwezi katika jarida la BYTE, aliuona mlango hapo. Katika toleo la Januari 1980 alionyesha jinsi ya kuifanya kompyuta iige rimoti hiyo: kipaza sauti kidogo kilichounganishwa na kompyuta kilikiimbia kisanduku cha BSR amri zake kupitia hewani, na kisanduku kikazipeleka kwenye nyaya za umeme. Kompyuta haikugusana na umeme wa nyumba popote. Kampuni ya Mountain Hardware ya California iliuza kadi ya Apple II iliyofanya kazi kwa njia hiyohiyo. Kwa maoni ya wengi walioishi na mifumo hii, hapa ndipo udhibiti wa nyumba kwa kompyuta ulipotoka mikononi mwa mafundi wa kulehemu ukafika kwa yeyote aliyeweza kuandika programu.

Mfumo haukuwa bila kasoro, na kasoro zake zilifuata umbo la nyumba. Nyumba nyingi za Marekani hupokea umeme kwa njia mbili za volti 120, na soketi za vyumba hugawanywa kati yake. Ishara iliyotoka kwenye njia moja ililazimika kwenda hadi transfoma ya mtaani na kurudi kwa njia ya pili, na mara nyingi ilichoka njiani. Ndiyo maana kulikuwa na taa zilizotii pale tu jiko la umeme au mashine ya kukausha nguo ilipokuwa imewashwa: mitambo hiyo hutumia volti 240, na kwa hiyo iliziunganisha njia mbili hizo na kuipa ishara daraja. Tiba ilikuwa kapasita iliyowekwa na fundi umeme kati ya njia hizo. Televisheni nazo zilimeza ishara au kuzivuruga. Majirani waliokuwa kwenye transfoma moja na kuacha vifaa vyao kwenye herufi A waliwashiana na kuzimiana taa bila kujua. La kusumbua zaidi ni kwamba vifaa vya kwanza havikujibu. Kompyuta ilituma amri ya kuwasha taa ya barazani ikaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba taa inawaka, hata kama amri haikufika.

Uingereza ilijaribu njia yake katikati ya miaka ya 1980. Chris Curry, mmoja wa waanzilishi wa Acorn iliyotengeneza BBC Micro, aliongoza kampuni iliyouza visanduku vyekundu vilivyozungumza kupitia nyaya za umeme. Red Leader ilikuwa kiongozi mwenye prosesa na BASIC yake, Red One ilikuwa soketi ya kuwasha na kuzima, na Red Two ilihisi mtu anapopita. Kompyuta ya nyumbani, iwe BBC Micro, Spectrum au Commodore, ilitumika kumpa Red Leader maagizo, kisha ikaendelea na shughuli zake. Visanduku hivyo havikupata soko kubwa, lakini ubunifu wake ulijibu swali ambalo kila mwenye kompyuta ya nyumbani alikumbana nalo.

Swali hilo lilikuwa saa na usiku. Kompyuta nyingi za wakati ule hazikuwa na saa inayoendelea mashine ikizimwa. Commodore 64 ilihesabu muda vizuri maadamu imewashwa, lakini umeme ukikatika hata kwa kupepesa jicho, ilisahau saa, ilisahau programu, na ikaamka ikiwa na skrini ya buluu isiyo na kazi. Ili iwashe taa alfajiri ilibidi ikeshe, na kukesha kulikuwa na gharama. Adapta nyeusi iliyokuja nayo ilipata joto kali, na ilipoharibika mara nyingine ilitoa volti nyingi kuliko zilizotakiwa na kuunguza chipu za kumbukumbu. Zaidi ya hapo, kompyuta ilikuwa ya familia nzima; mtoto aliyetaka kucheza mchezo jioni alilazimika kuiondoa programu ya kuangalia nyumba.

X10 ilijibu kwa kisanduku cha CP290, kilichounganishwa na Commodore 64, Apple II na kompyuta za IBM kwa waya wa mawasiliano. Mtumiaji alipanga ratiba yake kwenye skrini, akachora nyumba yake na kuweka alama za taa, kisha ratiba yote ikapelekwa kisandukuni kwa biti 600 kwa sekunde. Kisanduku kilikuwa na saa yake na betri ya akiba, na kilishika hadi matukio 128. Baada ya hapo kompyuta ingeweza kuzimwa au kurudishwa kwa watoto. Kazi ya kompyuta ikawa kuandika ratiba, na kazi ya kuitekeleza ikahamia kwenye chipu ndogo iliyofichwa karibu na soketi. Mgawanyo huo wa kazi ndio unaotumiwa na vifaa vingi vya nyumbani vya leo.

Waya wa pili, wa simu, ulifungua maana kamili ya "kwa mbali". Marekani, hadi mwaka 1968 kampuni ya simu haikuruhusu chombo cha mtu mwingine kuunganishwa kwenye mtandao wake. Mwaka huo tume ya mawasiliano ya serikali, katika shauri la Carterfone, iliamua vinginevyo. Uingereza monopoli ya simu ililegezwa mwaka 1981, na vyombo vikabandikwa alama: duara la kijani kwa vilivyoidhinishwa, pembetatu nyekundu kwa vilivyokatazwa. Mwaka 1981 huohuo kampuni ya Hayes ilitoa modemu iliyopokea amri kwa maandishi. Ukiiandikia ATS0=1, ilipokea simu yenyewe baada ya mlio wa kwanza. Mwenye nyumba aliyekuwa ofisini na kompyuta nyingine na modemu aliweza kupiga nyumbani, akaandika neno la siri kwa kasi ya biti 300 kwa sekunde, akasoma joto la sebule na kuwasha hita kabla ya kuondoka kazini.

Lakini wengi hawakuwa na kompyuta ya pili, na njia iliyowafaa ilikuwa vitufe vya simu yenyewe. Kila kitufe cha simu ya toni hutoa sauti mbili kwa pamoja. Kitufe cha 5, kwa mfano, huchanganya masafa ya hezi 770 na 1336. Chipu kama MT8870 ilizitambua sauti hizo na kuzigeuza kuwa nyaya nne za ishara, na nyaya nne hizo ziliingia moja kwa moja kwenye mlango wa mtumiaji. Mtu alipiga nyumbani kutoka kibanda cha simu, akabonyeza namba zake za siri, kisha namba ya kifaa. Kompyuta zilizowekewa chipu ya kusema, au programu ya SAM kwenye Commodore 64, zilimjibu kwa sauti nzito ya kimashine kama amri imepokelewa. Kulikuwa na njia ya bure pia, ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ataielewa mara moja kwa kuwa ni kama kubipu: kompyuta ilihesabu milio bila kupokea simu. Mlio mmoja, kimya, kisha simu ya pili ndani ya dakika moja, ilikuwa na maana yake, na kampuni ya simu haikudai senti.

Mwishoni mwa muongo kompyuta za IBM na zilizoziiga zilichukua nafasi ya mashine hizi. Kwa muda mlango wa printa uliendelea na kazi ileile. Kwenye BASIC ya DOS, OUT 888,1 ilipandisha waya kama POKE ilivyofanya. Windows NT, iliyotoka mwaka 1993, ilizikataza programu za kawaida kugusa milango hiyo moja kwa moja, kwa sababu nzuri za usalama, na baadaye mlango wa printa wenyewe ukaondolewa na USB ikachukua mahali pake. Hasara ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana wakati ule. Mwanafunzi wa 1983 alihitaji mstari mmoja na transista moja. Wa mwaka 2003 alihitaji kununua kifaa maalumu na kuandikiwa programu ya kukiendesha.

Baadhi ya mashine za zamani hazikuacha kazi. Katika mji wa Grand Rapids, Michigan, Amiga 2000 iliyonunuliwa miaka ya 1980 ilikuwa bado inaendesha mifumo ya joto na ubaridi ya shule 19 mwaka 2015, habari zake zilipotangazwa na kituo cha televisheni cha huko. Programu yake iliandikwa na mwanafunzi wa sekondari. Iliwasiliana na shule kwa modemu na redio kwa biti 1,200 kwa sekunde, na masafa yake yaligongana na simu za upepo za mafundi, kiasi kwamba ilibidi wanyamaze ili kompyuta imalize kusema. Programu hiyo ilijua kazi yake, na kuibadilisha kungegharimu dola zaidi ya milioni moja.

Mwaka 2003 Adam Dunkels, mtafiti wa Sweden, alitoa Contiki, mfumo mdogo wa uendeshaji uliofanya kazi kwenye Commodore 64 na kuiwezesha kuzungumza lugha ya intaneti kwa kutumia kadi ya mtandao. Ubanaji huo wa kumbukumbu haukuishia kwenye burudani ya mashine za zamani. Contiki ilikuja kutumika kwenye vifaa vidogo vya kupimia visivyotumia waya, vya aina ileile inayowekwa majumbani leo kupima joto na mwanga. Wapenzi wa sasa hutumia njia rahisi zaidi: chipu ya ESP8266, iliyotoka mwaka 2014, huwekwa kwenye mlango wa mtumiaji ikajifanya modemu ya Hayes. Kompyuta huamini kwamba inapiga simu. Kwa kweli inafungua mawasiliano ya Wi-Fi na programu ya nyumbani kama Home Assistant, na taa za kisasa hutii amri iliyoandikwa kwa BASIC.

Kuna kazi moja ambayo mashine hizo haziiwezi vizuri. Vifaa vya leo hutaka mawasiliano yafungwe kwa usimbaji mzito, na prosesa ya megahezi moja ingechukua muda mrefu kupita kiasi kufanya hesabu zake. Kwa hiyo kati ya Commodore na taa huwekwa kompyuta ndogo ya kisasa inayofanya usimbaji huo kwa niaba yake. Mlango wa mtumiaji hubaki kwenye mtandao wa ndani wa nyumba, na hauachwi wazi kwa intaneti, kwa sababu upande wa Commodore hakuna ulinzi wowote zaidi ya neno la siri lililoandikwa waziwazi ndani ya programu.